Viatu Vipya



Kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu kwamba mtu hashindwi mtihani siku ya mtihani. Hushindwa miezi mitatu kabla. Mwaka jana niliyasahau maneno yangu mwenyewe.

Hapa kwetu Rubavu ndipo ianziapo njia ya miguu iitwayo Congo Nile Trail. Hufuata vilima vya mashariki mwa Ziwa Kivu hadi Rusizi, mwendo wa kilomita 227, na aendaye kwa miguu huhitaji siku 10 hivi. Jina lake limetokana na safu ya milima igawanyayo maji: ya upande mmoja huteremkia Mto Kongo, ya upande wa pili Mto Nile. Mimi na kijana wangu tuliazimia kuimaliza.

Nilijitayarishaje? Nilinunua viatu vipya siku moja kabla ya safari. Shantani nikatia kamusi, diwani mbili na madaftari ya kusahihisha. Kijana aliutazama mzigo ule, akanyamaza kwa adabu. Siku ya pili malengelenge yalipasuka, nami nikaketi kando ya njia nisiweze kuinuka. Alilichukua shanta langu, akalibeba pamoja na lake, akanitangulia polepole hadi barabarani tulikopata gari la kuturudisha. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Kimya kile kiliniuma kuliko nyayo.

Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tangu Machi nimekuwa nikienda shuleni kwa miguu, na viatu ni vilevile. Sasa vimeufahamu mguu. Kila Jumamosi hupanda vilima na mzigo mgongoni: kwanza kilo 3, kisha 5, sasa 8. Nimejifunza kubadili soksi zikilowa, kunywa maji kabla ya kiu, na kupumzika kabla ya kuchoka. Tutaondoka Julai, wakati wa kiangazi, kwani mvua za masika huufanya udongo wa vilima hivi kuwa utelezi mtupu.

Juzi nilivimwaga vitu vyangu vyote mkekani, nikamwomba kijana achague vya kuachwa. Alianza na kamusi.

"Baba, maneno unayo kichwani," alisema.

Nilicheka, nikairudisha kabatini.

Septemba atakwenda zake chuoni. Kama tutafika Rusizi, sijui. Ninalolitaka ni moja: safari hii mzigo wangu niubebe mwenyewe.