Shimoni: Yaliyo Chini ya Nyayo Zetu

Msafiri atokaye Mombasa kuelekea Lunga Lunga, akiisha kupita Ukunda na Msambweni, hukuta njia ichepukayo kushoto. Njia hiyo humfikisha Shimoni, kijiji cha wavuvi kinachotazamana na kisiwa cha Wasini. Jina latosha kuwa maelezo, kwani kijiji kimekaa juu ya pango.

Tuliteremka pangoni polepole, watoto tumewashika mikono. Popo walining'inia darini, na mizizi ya miti ilipenya mwambani ikitafuta maji. Hapa, wenyeji husimulia, watumwa walifungiwa wakingojea majahazi ya kuwapeleka Unguja. Hata watoto walinyamaza.

Wazee husema pango hili huendelea mbali sana kuelekea bara. Mwamba wenyewe hauwakanushi. Sehemu kubwa ya ukanda huu wa pwani ni matumbawe ya kale, yaliyoota yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Maji ya mvua, yenye ukali mdogo wa asidi, huyala mawe hayo ya chokaa kidogo kidogo hata yakaacha uwazi ndani. Je, uwazi huo hujulikanaje pasipo kuchimba?

Wataalamu wana njia zao. Huchomeka vijiti vya chuma ardhini na kupitisha umeme: pango kavu huuzuia, bali lililojaa maji ya chumvi huupitisha kwa wepesi. Huburuta rada juu ya ardhi, nayo hutuma mawimbi yanayorudi kila yakutanapo na mpaka wa jiwe na hewa. Lakini udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi huyameza mawimbi hayo upesi. Tena hupima nguvu ya uvutano, kwani penye uwazi hupungua kwa kiasi kidogo mno, ambacho chombo makini pekee hukitambua.

Hata hivyo, dalili si ushahidi. Huko Misri, mwaka 2015, vipimo vya rada katika kaburi la Tutankhamun vilidhaniwa kuonyesha vyumba vilivyofichika nyuma ya kuta. Uchunguzi mpana zaidi, uliotangazwa mwaka 2018, haukukuta chumba chochote. Ndiyo sababu mpimaji mwangalifu hulinganisha njia mbili au tatu, kisha hutoboa tundu jembamba ili kuhakikisha.

Jambo hili lagusa majumba yetu. Penye matumbawe, maji machafu ya choo hupita katika nyufa na mapango bila kuchujwa vya kutosha, yakafika kisimani kwa jirani. Anayekunywa ni mtoto, na anayeuguza ni mama. Msingi wa nyumba nao, ukijengwa juu ya dari nyembamba ya pango, waweza kudidimia.

Si kila familia iwezayo kuajiri mpimaji. Lakini shule, msikiti au kisima cha mtaa mzima vyastahili gharama hiyo, ikichangwa na wengi. Nasi majumbani tuangalie dalili: ardhi inayolia kama ngoma ikipigwa mtaimbo, maji ya mvua yanayotoweka ghafla mahali pamoja, ukuta unaopasuka kila mwaka. Tuwaulize wazee kabla ya kuchimba, kwa maana wao wajua mashimo yaliyofukiwa sisi tusijazaliwa.