Mtoto Atauliza

Ijumaa, 1 Desemba 2023
Redio tangu asubuhi habari ni moja. Kampala, mama wa miaka 70, Safina Namukwaya, kajifungua pacha juzi. Wa kike na wa kiume. Yai la kupewa. Dukani wanaume wanabishana: atawalea nani, ana nguvu gani, dunia imekwisha. Nimechukua sukari yangu nikatoka. Wazee wangapi hapa Igalula wanazaa na mvi zao, nani amewahi kuwauliza watalea vipi?

Nimemfurahia yule bibi, wallahi. Kufika nyumbani nikalia. Mimi nina 41, na daktari wa Dar kasema mayai yangu yamebaki machache, nafasi ni ndogo, heri yai la binti mdogo. Fomu aliyonipa bado iko kabatini. Sijaigusa.

Jumapili, 3 Desemba
Shangazi wa mume wangu, R., kaja na michembe. Mwangaluka, mwangaluka, kisha kimya kirefu. Najua alichotumwa. Hakukisema leo, kakiacha mlangoni na kanga yake: mke wa pili. Mwenzangu aliyeolewa mwaka mmoja na mimi anaitwa Mama Shija. Mimi ni Karani, nyumbani Karani, kisimani Karani.

R. karudi shambani jioni, matope hadi magotini, miche ya tumbaku imeshika. Tumekula. Akasema taratibu, kama aliyefikiri njia nzima: "Tuchukue yai la mtu wa mbali, asiyejulikana. Mtoto atakuwa wetu. Nani atajua?"

Nampenda. Lakini usingizi umekataa. Nani atajua? Wewe utajua. Mimi nitajua. Kila akiniita mama nitajua.

Jumanne, 5 Desemba
Mahakamani leo, shauri la talaka. Mwanamume anamkana mtoto wa tatu, anataka vinasaba. Mheshimiwa hakimu kamweleza: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa huhesabiwa wa mume mpaka ithibitike vinginevyo, na vipimo hivyo vina sheria yake ya mwaka 2009, ni vya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mtoto mwenyewe alikuwa kizingitini, anakula embe, maji yanamtiririka hadi kwenye kiwiko. Anasikia. Anasikia kila neno! Nikaandika mwenendo wa shauri mkono unatetemeka.

Watu walipotawanyika nimefungua Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 6. Mtoto ana haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi wake wa damu na ukoo wake. Fomu ya Dar inasema taarifa za mtoa yai hazitatolewa kwa yeyote, milele. Yeyote! Hata mtoto mwenyewe aliyetoka humo.

Sheria mahsusi ya upandikizaji mimba nchini hatuna. Kila hospitali na fomu yake. Fomu ya kurasa nyingi, na mtoto ndiye pekee ambaye hakuulizwa wala hakutetewa.

Alhamisi, 7 Desemba, usiku
Mdogo wangu kapiga simu. "Dada, chukua langu. Si damu moja?" Moyo uliruka. Nikamwona mtoto ana meno yetu yale, ya mama.

Kisha nikamweleza kazi yenyewe. Sindano kila siku, siku kumi na zaidi, ili mayai yakomae mengi kwa mpigo. Halafu usingizi, sindano ndefu, yanavutwa. Wengine tumbo hujaa maji mpaka walazwe. Kanyamaza. "Nitavumilia." Ana watatu wanaonyonya nguvu zake kila siku, na mume asiye na subira. Nimwombe na hili? Na yule binti wa mbali asiye na jina, yeye nani amemweleza hatari hizi? Au kaonyeshwa fedha tu, na ada ya chuo inamsubiri?

Jumamosi, 9 Desemba
Sikukuu ya Uhuru. Tumekwenda Tabora kwa Sheikh, mvua njia nzima. Katusikiliza bila haraka, sikutegemea. Mbegu ya mume, yai la mke, ndoa ikiwa hai: hakuna ubaya. Mtu wa tatu, hapana. Wanazuoni walikaa Amman 1986 wakakata hivyo. Yai la ndugu? Hapana. Kukodi tumbo? Hapana. Nasaba isichanganywe.

Mwalimu jirani, Mkatoliki, yeye hata hilo la mke na mume limefungwa kwao. Roma iliandika 1987. Kanishika mkono tu.

Nilidhani nitatoka kwa Sheikh na hasira. Nimetoka na Bibi kichwani. Mama yake Bibi aliletwa Unyanyembe na msafara, kutoka Manyema, mtoto mdogo hajui hata jina la kijiji chao. Bibi alikuwa anatutajia ukoo wa babu mpaka kizazi cha saba. Akifika kwa mama yake anaishia hapo hapo, anakohoa, anaomba maji. Uzee wote ule, na bado palimuuma.

Nami nimtengenezee mwanangu pengo kama lile, kwa kalamu, kwa kulipia?

Jumatano, 13 Desemba
Mheshimiwa kanikuta na karatasi zangu, sikuzificha. Yeye wa Tarime. Kanikumbusha nyumba ntobhu ya Wakurya: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke, watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Ina machungu yake, kasema, mabinti huozwa bila kuulizwa. Lakini mahari hutolewa mchana, kijiji kinaona.

Kanipa na shauri la Nairobi la 2014. Pacha wa mama mbadala. Hospitali haikujua iandike mama nani, ikawaita maofisa wa watoto, wachanga wakapelekwa makao ya watoto. Wazazi wapo, mama aliyewabeba yupo, wote wamekubaliana! Jaji Mumbi Ngugi akaona wamedhulumiwa. Kwa sababu sheria haikuwepo. Na mbunge wao Millie Odhiambo miaka na miaka anaupeleka muswada. Kwetu nani ameuanza?

Jumapili, 17 Desemba
Nimemweleza R. habari za Bibi. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumwambia. Kakaa muda mrefu, kisha: "Basi tujaribu lako."

Nafasi ndogo, najua. Fedha za msimu mzima wa tumbaku, najua. Mara moja tu, zaidi hatuwezi.

Tumejaza pamoja. Viinitete vikibaki vitagandishwa, nyuzi 196 chini ya sifuri, vinaweza kukaa miaka. Mmoja wetu akifa? Fomu haikuuliza. Tumeandika pembeni wenyewe: visitumike, ndoa imekwisha. R. kasaini, nami nimesaini.

Kipengele cha mtoa yai asiyejulikana nimekipiga mstari. Mdogo wangu nimemshukuru, nimemwambia hapana. Na langu likishindikana, sitaleta duniani mtoto ambaye nitalazimika kumnyima jibu.