Geti Lisilolia

Sisi wahandisi wa Al Rayyan tukikutana Ijumaa huzicheka kasoro za Sliders, tamthilia ya Marekani ya 1995 hadi 2000, ambamo wasafiri hupotea katika dunia sambamba wakitafuta kwao. Historia imegeuka kabisa, watu ni walewale! Tukio moja, la 1996, hatulicheki. Quinn anafika kwao hasa. Muda ni mfupi. Anasukuma geti ambalo siku zote lilikuwa likilia. Halilii, anaondoka. Kumbe mtunza bustani alilitia mafuta. Kipimo kimoja hakitoshi, tunasema. Lakini likizoni Tanga, mwembe umekatwa, watoto wanatuita wageni, na ulimi unawasha kusema: si kwetu. Ni kwetu. Waliobaki wanatengeneza geti.