Injini Iliyotungwa Makambako

Siku hizi injini ya gari la zamani ikinoki, mazungumzo kati ya fundi na mwenye gari ni mafupi. Fundi anauliza, "Unataka ipi?" kisha anataja namba: 3L, 5L, TD27, 4JB1. Injini hizo zimeng'olewa kwenye magari huko Japani, zikapakiwa kwenye makontena, zikateremshwa bandarini Dar es Salaam na kupangwa chini kwenye maduka ya spea, zikiwa bado na mafuta meusi na mabaki ya nyaya zilizokatwa. Unachagua, unalipa, inapandishwa kwenye Fuso, na baada ya siku chache gari linatembea. Sina ugomvi na biashara hiyo, maana imeokoa magari mengi. Ila mimi nilikulia Njombe katika miaka ambayo injini ya kubadilisha ilikuwa kitu cha kutungwa, kipande kwa kipande, kwa ajili ya gari moja na barabara zake. Kupotea kwa ujuzi ule kunaniuma hadi leo.

Gari lenyewe lilikuwa la baba, Landrova 109 Series III, injini ya petroli ya cc 2,286 ambayo kila mtu aliiita tu "mbili nukta mbili tano". Baba alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Aliinunua kwenye mnada wa magari ya serikali, na kazi yake ikawa ni kupanda Makete na kurudi Njombe. Ilibeba viazi, magunia ya pareto, walimu wanaohamishwa vituo, wagonjwa, na wakati mwingine jeneza. Wakati wa masika, barabara za Ukinga huko Makete hazikuwa barabara kwa maana ya leo. Yalikuwa matope mekundu yanayoshikilia ukingo wa mlima, na gari lisilo na "forowili" lilikuwa halifiki.

Injini ilianza kwa kula oili. Moshi wa bluu ulifuata, kisha mlio wa kugonga upande wa chini, na wenye masikio walijua kwamba beringi za kreki zimekwisha. Hiyo ilikuwa 1983.

Asiyeuishi mwaka ule atashangaa kwa nini baba hakuagiza injini nyingine. Angeagiza kwa fedha gani? Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979 na vimeikamua nchi, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni zilikuwa adimu kuliko sukari. Magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa petroli. Halafu mwaka huohuo ulipita msako wa wahujumu uchumi, na hata mwenye duka aliyekuwa na pistoni chache za halali aliogopa kuonekana nazo. Injini mpya kutoka Uingereza ilihitaji kibali na fedha za kigeni ambazo mwalimu mstaafu asingezipata. Gari lilisukumwa chini ya mkaratusi, na kwa miezi kadhaa kuku walitaga ndani yake.

Fundi alikuwa Makambako. Kukereza vyuma alijifunza kwa Wachina wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kwenye karakana ya Mang'ula, ileile ambayo baadaye iligeuzwa kiwanda cha zana na mashine. Reli ilipokabidhiwa 1976, vijana wengi waliofundishwa kule walitawanyika kandokando yake, na Makambako ilipata huyu. Banda lake lilikuwa la bati na mabanzi, lakini ndani mlikuwa na mashine ya kukereza, maikromita iliyotunzwa ndani ya kisanduku chenye kitambaa, na sheria moja: hakuna kugusa kitu kwa mikono yenye mchanga.

Aliifungua injini yetu na kuipima kimya kimya, kila silinda juu, katikati na chini, kwa sababu silinda haichakai sawasawa. Zamani mafundi walizitaja pistoni kubwa kwa namba, ishirini, thelathini, arobaini, yaani sehemu za elfu za inchi zilizoongezwa juu ya kipimo cha kiwandani. Bloku yetu ilikuwa imeshafika arobaini mikononi mwa serikali, na juu ya hayo ilikuwa na ufa karibu na njia ya maji.

"Mwalimu," alimwambia baba, "hii siitengenezi. Nitakutungia nyingine."

Bloku ilipatikana kwa wamisionari, kutoka Landrova iliyopinduka, na ilikuwa nzima ingawa silinda zake zilikuwa zimeliwa. Fundi alizichonga, akapigilia slivu, kisha akazichonga tena kwa ndani mpaka zikarudi kwenye kipimo cha kiwandani. Kreki ya kwetu ilipelekwa Mbeya kwenye mashine ya kusagia, kwa sababu kazi hiyo mashine ya kukereza ya kawaida haiwezi kuifanya kwa uhakika, ikarudi imepunguzwa kwa saizi moja na kufungiwa beringi zilizotoka Zambia kwa njia ya Tunduma. Ringi zilipatikana kwa kubadilishana na maharage. Konrodi zote alizipima uzito moja moja na kupunguza zile nzito kwa tupa, ili injini isitetemeke.

Kazi iliyofuata, ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo tunakopanda uko juu zaidi. Huko hewa ni haba. Kwa mita 2,000, kanieneo ya hewa hupungua kwa kama sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na injini isiyo na tabo huvuta hewa pungufu kiasi hicho, kwa hiyo hukosa nguvu. Kiwanda kilichoiunda Landrova kiliipima kwa dunia nzima. Fundi wetu aliipima kwa Makete. Alichonga uso wa hedi kidogo zaidi ya inavyotakiwa kwa kunyoosha tu, ili mgandamizo ndani ya silinda upande. Nilipomuuliza kama petroli yetu haitagonga, alinieleza kwa subira kwamba injini yenye mgandamizo mkubwa ingegonga Dar es Salaam au Tanga, lakini huku juu hewa haba inailinda. Kisha akabadilisha jeti ya kabureta na kuweka ndogo zaidi, kwa sababu hewa ikipungua na petroli ikabaki ileile, mchanganyiko huwa mzito, plagi huwa nyeusi na mafuta hupotea bure.

Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nipo likizo. Kazi yangu ilikuwa kusaga valvu. Unapaka dawa ya kusagia kwenye ukingo wa valvu, unazungusha kijiti chenye mpira kati ya viganja, nyuma na mbele, unainua, unageuza, unasaga tena, mpaka uone duara la kijivu lisilokatika. Fundi hakuliamini jicho langu wala lake. Alilaza hedi, akajaza mafuta ya taa kwenye tundu za valvu, akaenda kunywa chai. Aliporudi, kama kuna valvu iliyovuja hata tone, ilisagwa upya. Sijawahi tena kukutana na mwalimu aliyenionyesha kwa namna ile kwamba ukweli unapimwa, hauombwi.

Injini ilifungwa, tapeti zikawekwa nafasi ya sehemu kumi za elfu za inchi, maji yakajazwa, na baba akakabidhiwa masharti. Kilomita 1,000 za mwanzo asibebe mzigo mzito wala asikanyage mafuta sana. Zikiisha amwage oili, arudi Makambako hedi ikazwe upya na tapeti zipimwe. Baba alitii kama anavyotii mtu aliyeandikiwa dawa. Baada ya hapo gari lilipanda milima ya Makete kwa gia ya tatu mahali ambapo zamani lilikuwa likilia kwa gia ya pili, na abiria wazee, waliopanda kwa salamu ya "kamwene" na kushuka kwa "asante Mwalimu", walisema gari limepona.

Mambo yakabadilika, na mengi kwa heri. Kuanzia 1984 wafanyabiashara waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na 1985 Mzee Mwinyi akashika nchi. Miaka ya 1990 magari ya mtumba kutoka Japani yalimiminika, na injini za mtumba zikayafuata. Spea ambazo baba alizitafuta kwa maharage zikawa zimetandazwa barabarani. Petroli nayo ikawa ghali kwa gari lisilofika kilomita saba kwa lita. Baba alipozeeka, kaka yangu mkubwa alilichukua gari, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 akalifunga injini ya dizeli, 3L ya cc 2,779. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Biashara ya kubeba abiria kwa petroli ingemfilisi.

Injini ya Toyota haikai yenyewe kwenye giaboksi ya Landrova. Inahitaji pleti ya kuziunganisha, na pleti hiyo ikipishana na mstari wa kreki hata kidogo, klachi na beringi ya mbele ya giaboksi hazidumu. Pleti ile aliikereza fundi yuleyule wa Makambako, mikono yake ikiwa imeanza kutetemeka. Aliifanya vizuri, na ingali humo mpaka leo. Injini aliyoitunga mwenyewe ilikaa kando ya banda kwa muda, kisha ikauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo, pamoja na mageti mabovu na rimu zilizopasuka.

Leo gari hilo bado linatembea, na likipanda kuelekea Kitulo linatoa moshi mweusi tii. Sababu inajulikana. Pampu ya dizeli imewekewa kipimo cha nchi nyingine, inasukuma mafuta yaleyale ya usawa wa bahari huku hewa ikiwa haitoshi kuyachoma. Dawa yake ni kuipunguza pampu kidogo na kuipima upya, kazi ya fundi wa pampu mwenye mashine yake. Kaka ameuliza gereji kadhaa. Jibu ni moja, kwamba injini za huku zote zinatoa moshi, na hii ikichoka ataletewa nyingine.

Kijana aliyejifunza kwa mzee wetu wa Makambako yuko Dar es Salaam, anauza injini za mtumba, na anafanya vizuri. Nilimtembelea nikamuuliza kwa nini hachongi tena. Aliniambia bila kinyongo: "Kaka, mteja hasubiri. Nikimwambia wiki tatu, anavuka barabara kununua." Ni kweli, na siwezi kumlaumu mteja, kwa sababu nakumbuka gharama ya kusubiri. Miezi ile Landrova ikiwa chini ya mkaratusi, kuna wajawazito waliobebwa kwa machela kushuka mlimani. Sitaki uhaba ule urudi hata kwa siku moja.

Lakini si lazima ujuzi ungeondoka pamoja na uhaba. Tulikuwa na Mang'ula, tulikuwa na kiwanda cha zana za mashine cha Kilimanjaro, tulikuwa na mamia ya mafundi waliofundishwa na reli, na tuliviacha vyote vidhoofike kana kwamba kuweza kununua kunatosha badala ya kuweza kutengeneza. Mzee wa Makambako alifariki akiwa na maikromita yake, na jeti alizozitoboa hakuna aliyeandika vipimo vyake. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu daftari la shilingi chache lingetosha.

Tena hatutakaa bila kuuhitaji ujuzi huo. Dizeli za zamani zisizo na kompyuta zinapungua kwenye makontena kila mwaka. Zinazokuja sasa zinaongozwa kwa umeme, zina sensa kila kona, na kuifunga moja ndani ya Landrova ya mwaka 1978 ni kuhamisha mfumo mzima wa nyaya za gari jingine. Wakati huohuo Landrova 109 zingali zinabeba watu Makete, Ludewa na Loliondo. Siku injini za kununua kirahisi zitakapokwisha, magari hayo yatahitaji mtu anayejua kupigilia slivu.

Kwa hiyo nawaomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambao wana karakana na walimu, waupe utengenezaji wa injini nafasi yake kamili darasani: kuchonga silinda, kusaga kreki, kupima hedi, na kuiandaa injini kwa nyanda za juu na kwa pwani. Wawaite wazee waliobaki wafundishe, hata kama hawana vyeti. Na wewe mwenye Landrova, kama nyuma ya nyumba yako kuna bloku ya mbili nukta mbili tano, usimpe mnunuzi wa chuma chakavu. Mtafute fundi mwenye mashine ya kukereza, mlipe azipime silinda zake, na umwambie aje na kijana wa kuandika vipimo.