Gari la kuvuta ng'ombe siyo la kuuzia sura!

Haya wapenzi wasomaji, wiki hii tuyaweke kando mambo ya nani kamwacha nani na nani kamfumania nani. Leo nina kasheshe ya gari. Na wale mnaosema magari ni mambo ya wanaume, kaeni chonjo, maana aliyetumwa kulitafuta hili la kwetu ni mimi mwenyewe, binti wa miaka ishirini na kitu, cheti cha kidato cha nne kabatini na kalamu mkononi. "Wewe si unajua kuhojihoji watu kwa ajili ya gazeti?" mzee akaniambia. "Basi kahoji na magari."

Kwetu ni Tunduma. Barabara ya TANZAM inapita katikati ya mji, reli ya TAZARA ipo, ukivuka mpaka tu uko Nakonde, Zambia. Foleni ya malori ya Zambia na Congo tunaijua kama tunavyowajua majirani. Kwa hiyo hapa kila mtu ni mtaalamu wa magari. Muuza chipsi mtaalamu, kinyozi mtaalamu, hata mshikaji ambaye hajawahi kumiliki baiskeli atakupa semina ya injini bure!

Sasa shida yetu ilikuwa hivi. Baba anafuga ng'ombe wa maziwa, shamba liko upande wa Mlowo, wilayani Mbozi. Anazalisha mitamba na kuuza. Wateja wako Vwawa, wako huku Tunduma, wengine wako hadi Mbeya mjini. Kila mteja akipatikana, baba anakodi Canter, na akishalipa kukodi faida inabaki ya kununulia chumvi ya ng'ombe. Siku moja mama akakasirika: "Baba nanihii, sisi hatufugi ng'ombe, tunamfuga mwenye Canter!"

Ndipo likazaliwa wazo la tela. Fundi wa kuchomelea atuchongee tela la magurudumu mawili la kubeba mitamba wawili, halafu tununue gari moja la mtumba litakalolivuta. Lakini gari hilo hilo limpeleke bibi hospitali, limbebee mama madumu ya maziwa, na Jumapili lituingize kanisani wote saba tukiwa tumenyooka. Bajeti milioni 17. Zimetoka kwenye madume yaliyouzwa na upatu wa mama wa miaka miwili. Zikipotea hizo, hakuna nyingine, na mdogo wangu anasubiri ada.

Kikao kikaitishwa. Kaka akataka Harrier, eti ni gari la heshima. Mama akataka Noah, familia nzima inaenea na bibi hapandi juu. Baba akataka pikapu ya milango minne, ila tukihesabu makalio, wawili wanabaki nje na ng'ombe. Kila mtu ana lake!

Mimi nikaanza kuzunguka. Mtu wa kwanza aliyenisaidia kweli hakuwa dalali. Alikuwa dereva mmoja mzee wa malori ya masafa, anakunywa chai akisubiri karatasi zake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," nikamweleza. Nikamuuliza gari gani lina nguvu ya kuvuta ng'ombe wawili.

"Marahaba binti. Swali lako umelishika mkia," akasema. "Karibu kila gari litavuta. Niulize litasimamaje. Kupanda, gari likishindwa linakuaibisha. Kushuka, likishindwa linakuzika. Wewe si unataka kwenda Mbeya? Senjele unaijua?"

Nani asiyeijua Senjele? Ukitoka Mbozi kuelekea Mbeya unateremka mlima ambao habari zake za malori kukatikiwa breki tumezisikia tangu utotoni. Mzee akaniambia, pale breki zikikanyagwa mfululizo zinapata moto, pedali inakuwa laini kama sponji, na tela nyuma linaendelea kusukuma. Tena mzigo wenyewe ni kiumbe hai. Gunia la mahindi ukilifunga limetulia. Ng'ombe anahama, anarudi nyuma, anapiga kwato, na kila akihama uzito unahama naye.

Tukapiga hesabu kwenye pakiti ya sigara. Mtamba mmoja kilo 300, wawili 600. Tela la chuma tupu kilo 500. Jumla 1,100. Huko Ulaya, ambako watu wanavuta farasi wao na magari ya familia kama sisi tunavyopakia kuku kwenye basi, tela ambalo uzito wake na mzigo unaoruhusiwa unazidi kilo 750 lazima liwe na breki zake lenyewe. Zipo zinazofanya kazi bila ufundi mwingi: gari likipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, ule msukumo ndiyo unazikaza breki za tela. Mzee akasema hiyo ndiyo ya kwanza kuilipia, kabla ya redio na kabla ya rangi.

Ya pili, gari liwe zito kuliko tela lililojaa. La sivyo mkia unamtikisa mbwa! Ya tatu, uzito ulalie mbele kidogo ya ekseli ya tela, kiasi kwamba sehemu kama moja ya kumi ya uzito wote inakaa kwenye ndoano ya gari. Ukiweka uzito nyuma, tela linaanza kuyumba kulia kushoto kama mkia wa samaki, na ukiongeza mwendo ndo kwanza unalichochea.

Basi nikaanza kuyaangalia magari kwa jicho jingine. Harrier ya kaka ikaanguka mapema. Ni gari tamu la lami, lakini halina chesesi ya kujitegemea. Bodi na chesesi ni kitu kimoja, na limejengwa kwa asili ya gari dogo la kutembelea. Kaka alinuna siku mbili.

Noah ya mama ndiyo ilikuwa ngumu, maana niliipata, tena nzuri! Namba D, nyeupe pee, viti havijachanika, bei milioni 15. Mama aliikalia pale uani kwa muuzaji akagoma kushuka. Lakini ile ni Noah ya toleo lililoanza 2001, na ile ya kawaida inaendeshwa na magurudumu ya mbele. Ukining'iniza tela nyuma, kitako kinashuka, pua inanyanyuka, na magurudumu yanayovuta na kukata kona ndiyo hayo hayo yanayopungukiwa uzito. Kwenye udongo wa Mbozi masika yakikolea, hapo si mtakesha mnasukuma? Na gari lenyewe lina uzito wa tani moja na nusu hivi. Halijaizidi sana tela yetu.

Halafu kuna Prado. Ya milango mitano, lile umbo lililotoka Japani kuanzia 1996. Namba B, rangi imepauka, mlango mmoja una alama ya kama alipita nao mtu kwenye ukuta. Lakini lina chesesi ya kweli ya chuma chini, fo-wili muda wote, viti vya safu tatu, na uzito karibu tani 2. Muuzaji alianzia milioni 18.

Hapa vijana wa mjini niwatoe tongotongo kidogo. Ile herufi kwenye namba haisemi gari lilitengenezwa lini. Inasema liliandikishwa lini hapa nchini. Namba D inaweza kuwa gari kuukuu lililochelewa kuja. Msichana unakubali lifti kwa sababu ya herufi... haya!

Dalali mwingine akanifuata na dili la moto. Gari zuri, bei nusu, "liko njiani linakwenda nje, tunakukatia hapa hapa." Wa Tunduma tunayafahamu hayo magari ya IT, yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kupita kwenda Zambia au Congo. Ushuru wa Tanzania hayajalipiwa. Ukinunua kichochoroni umenunua kesi. Nikamwambia kaka asante, mimi naandika magazetini, siyo hukumu.

Prado nikaenda nalo kwa fundi asubuhi na mapema injini ikiwa ya baridi. Hilo muhimu, muuzaji akikuwashia gari kabla hujafika jiulize anaficha nini. Injini ile ya dizeli ya lita 3 yenye tabo ina nguvu ya kuvuta, lakini ugonjwa wake unajulikana: ikichemka sana, silinda hedi inapasuka. Kwa hiyo tukafungua rejeta kwanza. Maji safi, hayana mafuta juu. Likawashwa, hakuna mapovu. Tukachomoa kijiti cha oili ya gia boksi. Ni otomatiki, na oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, kimbia, maana kuvuta tela kunaichemsha hiyo kwanza. Ya kwetu ilikuwa nyekundu imefifia. Fundi akalala chini na tochi kuangalia kutu ya chesesi pale nyuma ambapo ndoano ingefungwa. Halafu akalinganisha namba ya chesesi na kadi, na tukaangalia kama namba ya gari inadaiwa faini za trafiki. Mwisho akalipeleka kwenye kilima akirudi kwa gia ndogo, macho kwenye mshale wa joto. Mshale haukucheza.

"Sura mbaya, roho nzuri," akasema. Tukashusha bei hadi milioni 16, iliyobaki ikaenda kwenye rejeta mpya, pedi za breki na ndoano.

Nyumbani moto ukawaka! Mama akaliangalia lile Prado kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemtaka. "Upatu wangu wa miaka miwili ndo huu? Gari lenye kovu?" Baba kimya. Mimi nikamwambia, "Mama, Noah ni nzuri kuliko hili kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Na wewe ndiye utakayekaa mbele siku ya hicho kimoja." Hakunijibu. Alinisonya tu akaingia ndani.

Mwezi uliopita ndiyo ikawa safari ya kwanza ya Mbeya. Kibali cha kusafirisha mifugo kwa afisa mifugo tumechukua, tela lina namba yake ya usajili, taa za breki na indiketa zinawaka. Mitamba wamefungwa mbele ya ekseli, mbao katikati yao. Hakuna mtu kupanda kwenye tela hata awe mchungaji wa ng'ombe. Baba usukani, mama pembeni yake, mimi nyuma.

Juu ya Senjele, kabla hatujaanza kushuka, baba akapunguza mwendo, akazima ovadraivu, akaweka gia ya 2. Injini ikaanza kunguruma yenyewe ikilishika gari. Malori nyuma yanapiga honi, kijana mmoja kwenye basi akatutolea kichwa dirishani akatucheka. Katikati ya mteremko mtamba mmoja akahama. Tukausikia mtikiso hadi kwenye viti, dumu likaanguka, mama akashika dashibodi kwa mikono miwili. Baba akagusa breki kidogo, akaachia, akagusa tena. Tela likakaza breki zake, likatulia nyuma yetu. Mbele lori moja lilikuwa limesimama pembeni linafuka moshi kwenye magurudumu, utingo anakimbia na jiwe la kuzuia tairi.

Tulipofika chini mama akaachia dashibodi. Akageuka akaniangalia. "Huo mlango wenye kovu," akasema, "utapakwa rangi mwezi ujao. Wewe utachangia."

Basi nyie mnaotaka gari la kuvuta, iwe ng'ombe, nguruwe, jenereta au mashine ya kukoboa, msianze na herufi ya namba wala na ukubwa wa spika. Anzeni na mzigo: una kilo ngapi, unatikisika au umetulia, na kati ya kwenu na sokoni kuna mteremko gani. Gari mtalijua lenyewe baada ya hapo. Kaka yangu bado anaota Harrier, na mimi namwambia aote vizuri, kuota hakulipiwi ushuru.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi, kuna barua moja ya moto hapa mezani... Acheni tu!