Mvua ya Septemba Katika Mibuni ya Mbozi

Tumba la ua la mbuni hukua milimita chache tu kwenye kikwapa cha jani, kisha hutulia. Linaweza kukaa hivyo majuma mengi ya kiangazi, majani yakinyauka jirani yake, bila kufa na bila kuchanua. Bibi shamba anayesimuliwa hapa, ambaye ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akiyachungulia matumba hayo katika vijiji vya Mbozi, mkoani Songwe. Anaamini kwamba hakuna kipimo cha mabadiliko ya tabianchi kilicho karibu zaidi na mfuko wa mkulima wa Songwe.

Hamu yake ilianzia mbali na kahawa. Alikulia Tunduma, mji ambao malori hupanga foleni mpakani na matufaha ya Afrika Kusini huuzwa kando ya barabara. Mama yake alipanda mbegu za tunda moja uani. Mche ukaota, ukawa mti wenye majani mazuri, lakini miaka ikapita bila hata ua moja. Sehemu kubwa ya jibu aliipata baadaye katika Chuo cha Kilimo Uyole, Mbeya: mtufaha hulala wakati wa baridi, na aina nyingi huhitaji karibu saa 1,000 za ubaridi usiozidi nyuzi 7 hivi za Selsiasi ndipo matumba yaamke sawasawa. Aina ya Anna, iliyozalishwa Israel, hutosheka na saa zisizofika 400. Huko Batu, kisiwani Java, ambako baridi ya namna hiyo haipo, wakulima hung'oa majani kwa mkono baada ya mavuno ili mti uchanue.

Alipopangiwa Mbozi alikuta mti mwingine unaolala, ila huu hulazwa na ukame. Mwaka 1960 mtafiti wa Brazil, Paulo de Tarso Alvim, alieleza katika jarida la Science kwamba matumba ya mibuni iliyopata maji bila kukatizwa yalibaki yamelala. Mti ulihitaji kwanza kukaukiwa, kisha upate maji.

Mbozi mambo hayo yalijiendea yenyewe. Mvua hukatika Mei, kipupwe cha Juni na Julai hupita, halafu jua la Agosti na Septemba hukausha udongo. Mvua za kwanza zikinyesha Oktoba au Novemba, baada ya siku kumi hivi shamba zima huwa jeupe na harufu kama ya asumini hufika hadi barabarani. Maua hudumu siku mbili tatu. Kutoka ua hadi cheri nyekundu ni miezi saba hadi tisa, kwa hiyo maua yaliyochanua pamoja huleta cheri zinazoiva pamoja.

Kadiri miaka ya kazi ilivyosonga, aliona manyunyu yakija Septemba, mara nyingine Agosti, kisha yakikatika. Mvua ya usiku mmoja huamsha matumba yaliyokomaa tu. Mengine hungoja mvua nyingine, na mengine nyingine tena. Joto kali likirudi ghafla, baadhi ya maua hudumaa na kuwa nyota ndogo za kijani zisizofunguka wala kuzaa. Miezi kadhaa baadaye tawi moja hubeba cheri mbivu, cheri za kijani na zilizokaukia mtini. Mkulima hulipa vibarua warudi shambani tena na tena kwa madebe machache, au huchuma zote kwa mkupuo na kahawa yake ikashushwa daraja.

“Mwanangu, nimechuma tangu Aprili na bado nachuma,” bibi mmoja mwenye shamba alimwambia. “Hiyo ada ya wajukuu nitaitoa kwenye kahawa ipi?”

Nalo joto la usiku linadai chake. Utafiti wa Craparo na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 kwa kutumia takwimu za Tanzania za karibu nusu karne, ulikadiria kwamba joto la chini likipanda kwa nyuzi 1, mavuno ya arabika hupungua kilo 137 kwa hekta.

Kwa hiyo kazi ya bibi shamba huyu ikawa kutandaza matandazo, kupanda migomba na miti ya kivuli kati ya mibuni, na kupogoa mapema. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania kilichopo Mbimba kiliwapatia wakulima miche inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, lakini hakuna mche unaoweza kuyazuia manyunyu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa mvua za msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa yenye msimu mmoja, Songwe ikiwemo. Utabiri huo unamfaa sana mkulima wa mahindi, lakini mara nyingi mbuni huwa umeshaamka kabla ya Novemba. Ndiyo maana kila bibi shamba huyu akisimama mkutanoni anadai taarifa za siku kumi kumi za Agosti hadi Oktoba zibandikwe katika ofisi za vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS), kando ya bei ya kahawa. Hapo mwenye maji ya mfereji ataweza kuamua kama amwagilie sasa, ili kuyaokoa maua yaliyoamshwa na manyunyu, au aliache shamba likauke hadi mvua yenyewe ifike.