Motokaa Mbili

Nilipostaafu kazi ya ualimu mwaka 2023 nililipwa kiinua mgongo changu, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu nikawa na fedha ya kununua motokaa. Nasema motokaa moja, si mbili, na taabu yangu yote ilitokana na hesabu hiyo. Katika uwanja wa mwuzaji mmoja wa magari ya mkono wa pili huko Ukunda, motokaa mbili zilisimama ubavu kwa ubavu chini ya mwembe, na bei zake hazikupishana sana. Ya kwanza ilikuwa Mercedes nyeusi ya mwaka 2010, yenye injini ya petroli ya silinda sita, viti vya ngozi, na mbao zilizong'arishwa mbele ya dereva. Ya pili ilikuwa gari dogo la Kijapani la mwaka 2015, rangi ya maziwa, lisilo na injini ya mafuta hata kidogo. Lilikwenda kwa umeme uliohifadhiwa katika betri chini ya sakafu yake.

Msomaji, sitaki kukudanganya kwamba nilisimama kati ya hizo mbili na moyo wa haki kama kadhi. Moyo wangu ulikwisha kuhukumu. Mwaka 1972, nilipokuwa mtoto mdogo wa shule, tulipangwa kando ya barabara tangu asubuhi, matawi mikononi, kumngojea mkubwa mmoja wa serikali. Alipofika jua lilikuwa utosini. Kwa kweli hatukumwona yeye. Tuliona Mercedes nyeusi, vumbi, na nusu ya mkono dirishani. Walimu walituambia tuimbe, tukaimba. Siku zile watu wa Afrika Mashariki walikwisha kubuni kabila jipya, Wabenzi, kabila lisilo na kijiji wala lugha, ambalo mtu aliingia kwa kupanda motokaa tu. Watu wazima walilitaja jina hilo kwa dhihaka. Mimi nililisikia kwa njaa. Kwa zaidi ya miaka 30 nilisahihisha madaftari ya watoto wa watu, nikipanda matatu na bodaboda, na njaa ile ilikaa mahali pake bila kushiba wala kufa.

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu mkubwa, ni fundi wa umeme wa magari, na ndiye niliyekwenda naye Ukunda. Sisi Wadigo twajua tangu zamani uzito wa neno la mpwa mbele ya mjomba wake. Aliizunguka Mercedes mara mbili, akainama, akatazama chini, akafungua kifuniko cha injini na kukifunga tena. Kisha akasema kwa adabu, "Mjomba, niwie radhi. Hii wainunua ili uiendeshe, au ili waione?"

Sikumjibu. Nilijifanya nasoma bei.

Tulipokuwa njiani kurudi nilimtolea hoja ambayo niliiona haina jawabu. Nilimwambia kwamba gari la umeme ni kitu kipya, na mtu wa umri wangu hafai kuwa mtu wa kwanza wa kujaribiwa. Hapo mpwa wangu alicheka, nami kwa aibu ya ualimu nikaenda kusoma. Nilikuta kwamba gari la umeme si jipya. Mwanzoni mwa karne ya 20 magari ya namna hiyo yalitembea katika miji ya Marekani, na hata mke wa Henry Ford, mtu aliyetajirika kwa petroli, aliendesha gari la umeme liitwalo Detroit Electric. Gari la petroli la siku hizo liliwashwa kwa kuzungushwa mkono wa chuma, na chuma hicho kiliweza kumvunja mtu mkono. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitia katika magari yake kiwashio cha umeme, kazi ya Charles Kettering, na tangu hapo petroli ikashinda. Tazama kichekesho cha mambo: gari la umeme lilishindwa na mota ndogo ya umeme.

Jambo jingine nililolisoma lilinigusa zaidi. Mwezi wa Agosti mwaka 1888, Bertha Benz, mke wa Karl Benz aliyeunda gari la petroli, alilichukua gari la mumewe pamoja na wanawe wawili, akatoka mji wa Mannheim kwenda Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Hakukuwako kituo cha mafuta popote duniani. Mafuta yalipomwishia alinunua mengine katika duka la dawa, mjini Wiesloch. Kwa hiyo babu yake hasa Mercedes ile nyeusi aliwahi kuhangaika njiani akitafuta chakula chake, kama linavyohangaika leo gari la umeme katika barabara ya Lunga Lunga. Nilipoyasoma hayo hoja yangu ilikufa, ila tamaa yangu haikufa.

Sasa hapana budi nikueleze mahali ninapokaa, maana motokaa haichaguliwi hewani. Jego iko kusini kabisa ya Kwale, katika njia itokayo Lunga Lunga kwenda Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania. Tuna minazi, mashamba, mifugo, na Mto Umba, ambao huteremka kutoka milima ya Usambara. Mvua ikinyesha sana huko Usambara, maji yaweza kutufikia sisi ambao hatukuona hata wingu. Kijiji kama hiki, mtu akinunua motokaa, hakununua yake peke yake. Mchana ni yake. Usiku ni ya kila mwenye mgonjwa. Aliyezidiwa hupelekwa hospitali ya Msambweni, na kutoka kwetu kupitia Lunga Lunga ni zaidi ya kilomita 50.

Jambo hili nilikuwa nalijua kwa machungu. Miaka michache kabla ya kustaafu kwangu, mke wa mwanangu alishikwa na uchungu wa kuzaa saa nane za usiku. Jirani yetu mwenye Probox alikuwa amesafiri. Tulimpakia bodaboda, yeye katikati, mkunga nyuma akimshika, nami nikafuata kwa pikipiki nyingine nikimulika njia kwa tochi. Mtoto alizaliwa kabla ya kufika Msambweni, kando ya barabara, juu ya leso. Aliishi, na mama yake aliishi. Lakini tangu usiku ule sijasikia pikipiki gizani bila ya kuamka.

Basi nilichukua kalamu. Safari ya kwenda Msambweni na kurudi ni kama kilomita 110. Kwa kadiri ya mpwa wangu, Mercedes ingekunywa lita 11 hivi, na mwishoni mwa mwaka 2024 lita moja ya petroli ilikuwa karibu shilingi 180. Ni kama shilingi 2,000 kwa safari moja. Gari dogo lingetumia uniti 18 za umeme, ambazo kwa bei ya nyumbani hazikufika shilingi 600. Gari la umeme halibadilishwi oili ya injini, halina plagi, na breki zake huchakaa polepole kwa sababu mota yenyewe hulizuia gari na kurudisha umeme kidogo betrini. Serikali nayo ililipendelea: Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipunguza ushuru wa bidhaa wa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10.

Tena kulikuwa na jambo la nchi. Petroli yetu yote huja kwa meli ikiwa imekwisha safishwa, tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kazi hiyo mwaka 2013. Lakini umeme wa Kenya, sehemu yake kubwa ni mvuke wa Olkaria, ambako kituo cha kwanza kilianza kazi mwaka 1981, na maji ya Mto Tana, na upepo wa Turkana. Jirani zetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wamekuwa wakilinda mikoko yao tangu mwaka 2019 katika mpango wa kuuza hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti hiyo. Niliona haya kidogo kupita mbele yao na silinda sita.

Hata hivyo nisijivike joho la utakatifu. Betri za magari haya nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, ambako karibu na Kolwezi watu huchimba kwa mikono katika mashimo yasiyo na nguzo, na watoto wameonekana miongoni mwao. Nililitafakari jambo hili usiku mwingi, wala sikupata jawabu safi.

Mwuzaji alikubali tulijaribu gari dogo kwa siku mbili. Tulilileta Jego, tukalichomeka katika soketi ya sebuleni usiku kucha, na alfajiri lilikuwa limejaa. Mama yangu alikuwa na siku yake ya kliniki ya kisukari, nikamketisha mbele. Lilikwenda bila sauti. Kuku barabarani hawakujua kwamba tumefika, na mama aliniuliza mara mbili kama nimeliwasha. Msambweni tulifika tukiwa na chini kidogo ya nusu ya chaji. Mpwa wangu alinyamaza, na kunyamaza kwake sikukupenda. Betri ilikuwa imezeeka. Betri za namna hiyo hupungua nguvu kila mwaka, na joto huzidisha kupungua huko. Nasi pwani, Mungu hakutunyima joto.

Wakati wa kurudi tulizima kipoza hewa, tukafungua madirisha, tukaenda kama watu wanaosindikiza maiti. Kabla ya Lunga Lunga taa ya onyo iliwaka. Baada ya Lunga Lunga gari likapunguza mwendo lenyewe. Mama akasema, "Mwanangu, kwani gari hili limechoka? Mbona halikulala njiani, limelala nyumbani usiku kucha?" Tuliingia Jego likiwa halina kitu, nikalichomeka, na mpwa wangu akaniambia kwamba litajaa baada ya saa nane au tisa.

Saa nane au tisa! Nilikaa barazani jioni ile nikiutazama waya unaoingia dirishani. Kama mtu angebisha hodi usiku ule, ningemwonyesha waya.

Nitakiri kwamba nilifurahi. Nilisema moyoni: sasa nina sababu ya Mercedes, tena sababu ya heshima, sababu ya wagonjwa. Asubuhi nilimweleza mke wangu hivyo, kwa maneno mazuri niliyoyapanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Tangu tuoane umeamshwa mara ngapi kupeleka mgonjwa Msambweni?" Tulihesabu pamoja. Katika miaka mitatu ya karibu zilikuwa mara saba. Akauliza tena, "Na sokoni Lunga Lunga waenda mara ngapi?" Hizo hazikuhesabika. Kisha akasema jambo ambalo sikulifikiri: kwamba kwa pensheni yangu Mercedes ingesimama bandani bila petroli tangu tarehe 15 ya kila mwezi, na mgonjwa hachagui tarehe. Tena iko chini mno. Maji ya Umba yakivuka barabara yangeingia katika injini, nayo injini ikishameza maji, hiyo ndiyo maziko yake.

Tulirudisha gari dogo. Mercedes nayo tuliiacha pale chini ya mwembe. Nilipeana mkono na mwuzaji, naye aliniona mtu asiyejua atakalo, wala sikumlaumu.

Tulingoja. Niliuza ng'ombe wawili, nikaahirisha bati jipya la nyumba, na mwezi wa Februari mwaka 2025 tuliagiza kutoka Japani gari jingine la umeme la mwaka 2018, maana sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Betri yake ni ya uniti 40, na mpwa wangu aliipima kwa chombo chake kabla ya kukubali. Huenda Msambweni na kurudi, na chaji hubaki ya kwenda tena njia moja. Kwa tahadhari nilipatana na jirani wa Probox: usiku ambao gari langu liko chini ya nusu, yeye hakai mbali na simu yake, nami ndimi ninayemjazia mafuta. Umeme ukikatika, kama unavyokatika, mapatano hayo huwa ndiyo gari langu. Bati bado linavuja upande wa jikoni.

Mercedes nyeusi ilinunuliwa na mtu wa Diani. Niliiona mwezi uliopita karibu na njia panda ya Ukunda, imeoshwa, inametameta. Nilipunguza mwendo nikaigeukia mpaka ikapotea nyuma ya lori la mchanga. Mpwa wangu alikuwa kando yangu. Alitazama dirisha la upande wake, asiseme neno, na bega lake lilikuwa likitikisika kwa kicheko.